Miezi inahesabiwa kuanzia lini? Jinsi ya kusoma utafiti kuhusu kushika mimba baada ya kuacha uzazi wa mpango

Mwanamke anayesubiri kwenye benchi la kliniki ya uzazi wa mpango ana maswali mengi: damu isiyokatika, uzito, kichwa kuuma. Nyuma ya hayo yote huwa kuna moja: nikiacha, nitashika mimba? Utafiti wa kulijibu upo, tena wa miongo mingi. Shida ni kwamba namba hufika kwa watu bila maelezo yake. Mmoja anasema baada ya sindano ni miezi 10, mwingine anasema miezi mitano na nusu, wa tatu anataja asilimia 83 ndani ya mwaka, na wote watatu wamesoma kitu cha kweli. Asiyejua kila namba ilipatikanaje atadhani wataalamu wanapingana, au kuna jambo linafichwa.

Mwongozo huu umeandikwa kwa muuguzi, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mwandishi wa habari za afya, na yeyote aliyetumiwa kichwa cha habari cha kutisha kwenye simu akataka kujua kina uzito gani. Huhitaji kujua takwimu. Unahitaji kujua pa kutazama, na utaratibu wa kutazama. Muhtasari wa tafiti nyingi husomeka bure mtandaoni. Ukiupata, ruka hitimisho kwanza, nenda kwenye sehemu ya mbinu.

Tafuta siku ya kuanzia kuhesabu

Utafiti wa aina hii hupima muda: kutoka siku fulani mpaka mimba ilipotungwa. Siku ya kuanzia ndiyo inayowachanganya watu. Kwa kitanzi na kijiti ni siku kilipotolewa. Kwa vidonge vya majira ni siku ya kidonge cha mwisho. Kwa sindano ya Depo kuna siku mbili, na kila moja ina watetezi wake: siku ya kuchomwa sindano ya mwisho, na siku ambayo sindano ilitakiwa kurudiwa ikaachwa. Kati ya hizo mbili kuna miezi mitatu.

Chukua kadi ya mfano. Sindano ya mwisho ilichomwa 10 Januari. Tarehe ya kurudi, wiki 13 baadaye, ni 11 Aprili. Mteja hakurudi kwa sababu anataka mtoto. Katikati ya Agosti anakuja na kusema, "Nimeacha sindano miezi minne sasa." Anahesabu kutoka Aprili, na kwake ni sahihi. Mtafiti anayehesabu kutoka sindano ya mwisho atasema ni miezi saba.

Maelezo rasmi yanayoambatana na dawa ya Depo yanahesabu kutoka sindano ya mwisho. Yanasema mediani ya muda mpaka kushika mimba ni miezi 10, na waliowahi zaidi walishika mwezi wa 4 huku waliochelewa zaidi wakifika mwezi wa 31. Mediani maana yake nusu ya waliopata mimba walikuwa wameshaipata kufikia hapo. Kwa kadi yetu, miezi 10 inaangukia 10 Novemba, yaani miezi saba baada ya miadi aliyoiacha. Akiambiwa "miezi 10" tu bila kuonyeshwa tarehe, ataihesabu kutoka Aprili na kufika Februari ya mwaka unaofuata. Ama atahesabu sawasawa lakini asijue kwamba nusu ya wenzake hawajashika bado, aanze kulia mwezi wa Desemba.

Ile miezi mitano na nusu inatoka kwenye utafiti wa kaskazini mwa Thailand uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1980. Watafiti waliwafuatilia wanawake walioacha Depo ili wazae, wakawalinganisha na waliotoa kitanzi kwa sababu hiyohiyo. Hawa hawakuhesabu muda ambao sindano ya mwisho ilikadiriwa kuwa bado inafanya kazi. Baada ya kuuondoa muda huo, mediani ilikuwa miezi 5.5 kwa sindano na 4.5 kwa kitanzi. Irudishe ile miezi mitatu au minne ya sindano ya mwisho, unafika tisa hivi, jirani kabisa na 10. Tafiti mbili, nchi mbili, jibu karibu moja. Kilichotofautiana ni siku ya kuanzia.

Sababu ya kuchelewa ni namna dawa yenyewe ilivyo. Sindano ya msuli ina miligramu 150 za dawa katika chembe ndogondogo zinazoelea kwenye maji. Zikiingia msulini hukaa hapo na kuyeyuka polepole. Kiasi kilichomo kwenye damu hushuka mpaka kisiweze kupimika kati ya siku ya 120 na ya 200 baada ya kuchomwa. Wanawake wawili waliochomwa siku moja, kwenye kiti kimoja, wanaweza kupishana karibu miezi mitatu kabla yai la kwanza halijaanza kupevuka. Dawa ikishaingia haitolewi wala kuharakishwa. Lakini pia hairundikani: maelezo hayohayo ya dawa yanasema urefu wa kuchelewa hauhusiani na mtu ametumia sindano kwa muda gani. Aliyechomwa miaka sita anaisubiri sindano moja tu iishe, ile ya mwisho.

Uliza asilimia hiyo ni ya akina nani

Maelezo ya Depo yanaendelea: asilimia 68 wanashika mimba ndani ya miezi 12, asilimia 83 ndani ya 15, asilimia 93 ndani ya 18, zote kutoka sindano ya mwisho. Namba hizi hunukuliwa sana, na karibu kila mara hunukuliwa vibaya. Sentensi yenyewe inasema *kati ya wanawake wanaopata mimba*. Wasiopata kabisa hawamo kwenye hesabu. Tena inaeleza kwamba taarifa zilipatikana kwa asilimia 61 ya walioacha ili wazae. Asilimia 39 walipotea kwenye ufuatiliaji au walibadili nia. Kwa hiyo ukimwambia mteja "wanawake 93 kati ya 100 hushika mimba ndani ya mwaka mmoja na nusu" umeongeza kitu ambacho utafiti haukusema. Kauli iliyo salama ni hii: wengi wa wale wanaopata mimba baada ya Depo huwa wameipata kabla ya mwezi wa 18.

Waliopotea kwenye ufuatiliaji ndio wanaobadilisha matokeo kimyakimya. Fanya hesabu hii kwa mkono mara moja, hutaisahau. Tuseme wanawake 100 wameacha njia fulani. Katika miezi minne ya kwanza 40 wameshika mimba. Mwishoni mwa mwezi wa nne 20 wamehama na hawapatikani. Wamebaki 40. Katika miezi minane inayofuata, 20 kati yao wameshika mimba. Mwaka umeisha, wamebaki 20 bila mimba.

Mtafiti wa kwanza anasema: mimba 60 kati ya wanawake 100, asilimia 60. Amewahesabu waliohama kana kwamba wote hawakushika. Wa pili anawatupa waliohama: 60 kati ya 80, asilimia 75. Amesahau kwamba hao 20 walikaa miezi minne nzima bila kushika, na taarifa hiyo ameitupa pamoja nao. Wa tatu anatumia jedwali la maisha. Baada ya miezi minne, ambao hawajashika ni 60 kati ya 100, yaani 0.60. Kati ya 40 walioendelea kufuatiliwa, nusu hawakushika, yaani 0.50. Zidisha: 0.60 mara 0.50 ni 0.30. Wasioshika ni asilimia 30, walioshika ni asilimia 70. Wanawake walewale, majibu matatu. Kwa hiyo kwenye sehemu ya mbinu tafuta maneno "jedwali la maisha" au jina Kaplan–Meier, ule mchoro unaopanda kama ngazi. Usipoyaona, tafuta idadi ya waliopotea. Ikizidi moja ya tano, soma asilimia yoyote ya utafiti huo kwa tahadhari.

Hata jedwali la maisha lina dhana yake: kwamba waliopotea wana bahati sawa na waliobaki. Si lazima iwe hivyo. Aliyeshika mimba huweza kuacha kuja kliniki kwa sababu hana shida tena. Aliyekata tamaa naye huacha.

Kwa picha ya jumla, uchambuzi wa Tadele Girum na Abebaw Wasie wa Ethiopia, uliochapishwa mwaka 2018, ndio wa kushika mkononi. Walikusanya tafiti 22 zenye wanawake 14,884 walioacha njia mbalimbali, wakapata asilimia 83.1 walioshika mimba ndani ya miezi 12. Kwa vidonge peke yake, utafiti mkubwa wa Ulaya uliotoka mwaka 2009 ulipata asilimia 21.1 katika mzunguko wa kwanza baada ya kuacha na asilimia 79.4 ndani ya mwaka.

Wamelinganishwa na nani?

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 huko Boston, daktari John Rock, aliyekuja kuwa mmoja wa waasisi wa kidonge cha uzazi wa mpango, alikuwa akiwatibu wanawake waliokosa watoto. Aliwapa wagonjwa 80 homoni za kuzuia yai lisipevuke kwa miezi kadhaa, kisha akaziacha. Ndani ya miezi minne 13 wakashika mimba. Wengi waliamini kwamba kizazi kikipumzishwa hurudi na nguvu. Lakini hapakuwa na wagonjwa wengine 80 wa aina ileile waliofuatiliwa bila homoni, na baadhi ya wanaohangaika kupata mtoto hushika mimba hata bila dawa yoyote. Namba 13 peke yake haisemi kitu mpaka ujue ingekuwa ngapi bila dawa.

Kosa hilohilo, likigeuzwa, ndilo linalozaa uvumi wa mitaani. Mwanamke ameanza sindano na vijiti akiwa na miaka 28, akaacha akiwa na 38, na sasa anachelewa. Jamii inasema uzazi wa mpango umemharibu. Lakini miaka 10 imepita kwenye mwili wake, na uwezo wa kushika mimba hupungua kwa kasi baada ya 35 hata kwa asiyewahi kumeza kidonge kimoja. Huenda pia mwenza si yule wa zamani, au wote wawili wamepata maambukizi katikati hapo. Utafiti wenye maana humlinganisha na mwanamke wa miaka 38 ambaye hakutumia njia hiyo. Kwenye jedwali la matokeo tafuta kama umri umezingatiwa. Kama haukuzingatiwa, funga karatasi.

Mfano mzuri wa kulinganisha ni ule wa Mexico City, uliochapishwa mwaka 2001 na David Hubacher na wenzake. Waliuliza: je, kitanzi cha shaba huziba mirija ya mwanamke ambaye hajawahi kushika mimba? Walichukua wanawake 358 ambao picha ya eksirei ilionyesha mirija imeziba. Wakawaweka kando ya makundi mawili: wanawake 953 waliokosa mimba lakini mirija iko wazi, na 584 waliokuwa na mimba ya kwanza. Jumla 1,895. Kisha wakauliza nani aliwahi kutumia kitanzi, na wakapima damu kutafuta dalili kwamba klamidia iliwahi kupita mwilini.

Kwa kitanzi, uwiano wa hatari ulikuwa 1.0 dhidi ya kundi la kwanza na 0.9 dhidi ya la pili. Moja maana yake hakuna tofauti. Kwa wenye alama za klamidia ulikuwa 2.4. Mirija iliharibiwa na ugonjwa wa zinaa, na kitanzi kilikuwepo tu jirani. Bila kile kipimo cha damu, lawama ingebaki kwa kitanzi.

Uvumi wa kitanzi haukutoka hewani, na ni vizuri kuuheshimu. Kati ya 1971 na 1974 kiliuzwa Marekani kitanzi kiitwacho Dalkon Shield. Uzi wake ulikuwa na mamia ya nyuzinyuzi ndani ya ala moja, nazo zilipandisha vijidudu kutoka ukeni hadi kwenye mji wa mimba. Wanawake waliumia kweli. Vitanzi vya leo vina uzi wa aina nyingine, laini usio na nyuzi za ndani. Tafiti za miaka ya 1970 na za leo zisiwekwe kapu moja, kwa hiyo mwaka wa utafiti na jina la kifaa viangaliwe kila mara.

Utasikia pia kwamba utafiti wa kuaminika ni ule tu unaowagawa watu kwa bahati nasibu. Kwa njia za uzazi wa mpango hilo linawezekana. Utafiti wa ECHO uliotoa matokeo mwaka 2019 uliwagawa hivyo wanawake 7,829 wa Eswatini, Kenya, Afrika Kusini na Zambia kati ya Depo, kitanzi cha shaba na kijiti. Lakini swali lake lilikuwa maambukizi ya VVU, na waliojiunga walikuwa wanawake wasiotaka mimba kwa miezi 18. Kwa swali letu inabidi kuwafuatilia waliochagua wenyewe na kuacha wenyewe. Kwa hiyo tazama waliacha kwa nini. Aliyetolewa kitanzi kwa sababu ya maumivu na usaha si sawa na aliyekitoa ili azae.

Zile namba mbili za kwenye mabano

Mwaka 2020 jarida la BMJ lilichapisha utafiti wa Jennifer Yland na wenzake: wanawake 17,954 wa Denmark, Marekani na Kanada waliokuwa wakitafuta mimba, wakijaza dodoso mtandaoni kila baada ya miezi miwili. Kwa waliotoka kwenye sindano, uwiano wa kushika mimba katika kila mzunguko ulikuwa 0.65, na kwenye mabano 0.47 hadi 0.89, ukilinganishwa na waliokuwa wakitumia kondomu na njia nyingine za kizuizi.

Soma hivi. Kama kati ya watumiaji 100 wa kondomu wanaoacha 20 wangeshika mimba mzunguko huo, kati ya walioacha sindano wangekuwa 13 hivi. Mabano yanakwambia uhakika wa namba hiyo ni kiasi gani: ukweli unaweza kuwa 0.47, unaweza kuwa 0.89. Mabano yote yako chini ya 1, kwa hiyo kupungua si kwa bahati tu. Yangekuwa 0.47 hadi 1.30, usingeweza kusema sindano inapunguza wala haipunguzi. Mabano mapana kiasi hiki hutokana na washiriki wachache: katika kundi lile kubwa, waliotoka kwenye sindano walikuwa wachache sana.

Mwandishi wa habari akiishia hapo ataandika "sindano hupunguza uzazi kwa asilimia 35". Jedwali linalofuata ndilo lenye jibu, kwa sababu linaonyesha kupungua huko kunadumu mizunguko mingapi. Sindano, mizunguko mitano hadi minane. Kibandiko cha ngozi, minne. Vidonge na pete ya ukeni, mitatu. Kitanzi cha shaba, kitanzi cha homoni na kijiti, miwili. Baada ya hapo makundi yanalingana, na kutumia kwa miaka mingi hakukuacha athari ya kudumu.

Je, namba za Denmark zinamfaa mama wa Tandahimba au Kisumu? Mpangilio wa kuchelewa unamfaa, kwani unatokana na dawa inavyoisha mwilini. Asilimia za jumla zisihamishwe hivihivi. Pale ambapo klamidia, kisonono na maambukizi ya baada ya kujifungua au mimba kuharibika hayatibiwi mapema, mirija iliyoziba itakuwa mingi zaidi, na hilo litaonekana kwenye asilimia yoyote, awe mtu alitumia njia au hakutumia.

Mambo mengine ni ya kupitisha jicho. Utafiti wa panya haujibu swali la mama. Kampuni ya dawa ikiwa imegharimia, usiutupe utafiti, soma mbinu zake mara mbili. Na "hatujaona tofauti" katika utafiti wa watu 30 maana yake ni kwamba watu walikuwa wachache mno kuiona.

Kutoka kwenye karatasi hadi mezani kwa mteja

Kitanzi cha shaba hakina homoni, kwa hiyo hakuna cha kusubiri: siku kinapotoka, mwili uko tayari. Kitanzi cha homoni ni karibu hivyohivyo.

Kijiti kina mambo mawili yanayoharibika mara kwa mara. La kwanza, homoni ya Implanon huwa haipimiki tena kwenye damu ndani ya wiki moja baada ya kutolewa, na wapo walioshika mimba siku ya 7 hadi ya 14. Anayetoa kijiti akidhani atapumzika miezi mitatu kwanza anahitaji kondomu kuanzia siku hiyohiyo. La pili ni kijiti kilichobaki. Implanon ni kimoja chenye urefu wa sentimita 4, Jadelle ni viwili. Hesabu vinavyotoka, vipime, mwonyeshe mteja. Kipande au kijiti kilichobaki kinaendelea kutoa homoni. Vilevile kijiti kilichopita muda wake hakijiishii: kimezidi miaka yake na uhakika wa kukinga umepungua, lakini bado kinaweza kuzuia yai. Anayetaka mtoto lazima kitolewe.

Kwa vidonge, mweleze kwamba damu aliyokuwa akiiona kila mwezi ilitokana na kupumzika homoni, haikuwa hedhi ya yai lililopevuka. Kama mzunguko wake ulikuwa wa kurukaruka kabla ya vidonge, utarudi kurukaruka, na mara nyingi atailaumu pakiti. Muulize hedhi yake ilikuwaje *kabla* ya kuanza, uandike.

Kwa sindano, toa kadi na kalenda. Zungushia sindano ya mwisho, kisha mwezi wa 10 kutoka hapo, kisha wa 18. Mwambie nusu ya wanaoshika huwa bado hawajashika kufikia duara la pili. Ile ya chini ya ngozi, ya miligramu 104 ambayo wengine hujichoma wenyewe, ina dawa hiyohiyo, kwa hiyo itegemewe kuchelewa pia. Anayejua atataka mtoto mwakani ni bora abadili njia mapema badala ya kuchomwa sindano nyingine. Na yule asiyetaka mimba asitegemee kuchelewa huku kumlinda: wapo wa mwezi wa 4. Yai la kwanza hupevuka kabla ya hedhi ya kwanza, hivyo anayesema "sijaona siku zangu bado, siwezi kushika" anakosea.

Kuhusu siku za kukutana, utafiti wa Allen Wilcox wa North Carolina, wa mwaka 1995, uliwafuatilia wanawake 221 na kukuta mimba zinatungwa katika siku sita tu: siku ya yai kupevuka na tano kabla yake. Uwezekano ulikuwa asilimia 10 kwa tendo la siku tano kabla, na 33 kwa tendo la siku yenyewe. Siku iliyofuata, hakuna. Kukutana kila baada ya siku mbili au tatu kunatosha bila kukimbizana na kalenda. Asidi ya foliki mikrogramu 400 kila siku ianze tangu anapoanza kutafuta mimba, kwa kuwa uti wa mgongo wa mtoto hujengeka kabla wengi hawajajua kwamba ni wajawazito.

Dawa za "kusafisha kizazi"

Hizi huuzwa kwa maneno ya kuondoa "sumu ya uzazi wa mpango", na shuhuda zake ni za kweli kwa maana moja: wanunuzi wengi walishika mimba. Tazama sasa kalenda ya sindano. Mama anavumilia, ikifika mwezi wa 8 tangu sindano ya mwisho anaingiwa na hofu, anatoa pesa, anakunywa dawa mwezi wa 8 na wa 9. Nusu ya wanaoshika huwa wameshika kufikia mwezi wa 10. Muuzaji amefika mlangoni wakati ule hasa ambapo mimba ilikuwa inakuja yenyewe, na sifa zote ni zake. Ni kosa la Boston lilelile: hakuna kundi la wasiokunywa.

Usimdhihaki aliyenunua. Muulize muuzaji, au mfundishe mteja amuulize: kati ya wangapi walioinunua, wangapi hawakushika? Walikuwa mwezi wa ngapi tangu sindano ya mwisho? Zile zinazowekwa ukeni ziachwe mara moja, maana huunguza ngozi laini ya ndani na kufungua njia ya maambukizi, ambayo ndiyo huziba mirija.

Lini kumwandikia rufaa, na uandike nini

Kipimo cha Shirika la Afya Duniani ni miezi 12 ya kukutana mara kwa mara bila kinga. Kwa aliyetimiza miaka 35, usingoje zaidi ya miezi sita. Kwa aliyetoka kwenye Depo, anza kuhesabu kutoka siku sindano ya mwisho ilipotakiwa kurudiwa. Wasisubiri hata mwezi mmoja wenye historia ya usaha ukeni na maumivu ya chini ya tumbo, homa baada ya kujifungua, upasuaji wa nyonga, au hedhi iliyokuwa haiji hata kabla ya kuanza njia yoyote.

Kwenye miezi 12 hiyo hesabu ile tu ambayo wawili walikuwa pamoja. Mume dereva wa masafa, baharia, au aliye kazini Oman anayekuja likizo mwezi mmoja kwa mwaka, amempa mkewe mwezi mmoja wa majaribio, na kumwita mama huyo mgumba ni kumwonea.

Kwenye karatasi ya rufaa weka umri, mimba za nyuma na zilivyoisha, njia aliyotumia, tarehe ya sindano ya mwisho *na* ya miadi aliyoiacha (zote mbili), tarehe ya hedhi ya kwanza baada ya kuacha, na urefu wa mizunguko mitatu ya karibuni. Urefu huo una kazi: kipimo cha damu cha projesteroni, kinachoonyesha kama yai limepevuka, huchukuliwa siku saba kabla ya hedhi inayotarajiwa. Wengi hupimwa siku ya 21 kwa mazoea. Siku ya 21 ni ya mwenye mzunguko wa siku 28. Mwenye mzunguko wa 35 apimwe siku ya 28, la sivyo ataambiwa yai halipevuki wakati linapevuka. Picha ya mirija hupigwa siku chache baada ya hedhi kukatika, kabla ya yai.

Mume aende pamoja naye, siku hiyohiyo. Kipimo cha mbegu ni rahisi kuliko vyote hivyo, na mara nyingi tatizo liko upande huo. Asikutane na mwanamke kwa siku mbili hadi saba kabla ya kipimo. Atoe sampuli kwenye kikopo safi cha maabara, wala si ndani ya kondomu ya kawaida, maana mafuta yake huathiri mbegu. Imfikie mpimaji ndani ya saa moja ikiwa imewekwa karibu na mwili isipoe, na kama tone la kwanza lilimwagika aseme, kwa kuwa ndilo lenye mbegu nyingi zaidi.